Wofa ya koili mbili za omu 4: niiunge vipi na amplifaya ya chaneli 4?

Mkaazi wa Bamburi
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Amplifaya yangu ya gari hutoa wati 75 kwa kila chaneli kwenye omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na kitabu chake kinaruhusu kushuka hadi omu 2. Chaneli mbili zikiunganishwa ziwe moja, mzigo, yaani ukinzani wa spika, usipungue omu 4. Chaneli za mbele zinaendesha spika za milango. Za nyuma nimeziachia wofa, spika ya besi yenye koili mbili za waya ndani. Aliyeniuzia pale Mwembe Tayari ananihimiza niunge koili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili nipate omu 2 na kishindo kikubwa, lakini jirani yangu anashikilia mfululizo, koili moja ikifuata nyingine, yaani omu 8. Nifuate lipi?

Fundi wa Changamwe
Wa alaykumu salaam. Sambamba usithubutu. Chaneli mbili zikishaunganishwa, kila moja hubeba nusu ya ukinzani wa spika, kwa hiyo omu 2 za wofa huwa omu 1 kwa kila chaneli, nayo yako mwisho wake ni omu 2. Ukinzani ukipungua, mkondo wa umeme huongezeka. Amplifaya itachemka na kujizima, na isipojizima, transista zake za kutolea sauti zitaungua. Nimebadilisha nyingi za namna hiyo, hasa za matatu, ambamo amplifaya hufichwa chini ya kiti pasipopita hewa, katika joto letu la Februari.

Dereva wa Likoni
Nakubaliana nawe, kaka, ila omu 8 si zitaidhoofisha wofa? Mimi yangu nimeipa kila koili chaneli yake, na inasikika vizuri.

Fundi wa Changamwe
Haitadhoofika kuliko yako. Kwa omu 8, kila chaneli iliyounganishwa huona omu 4 na kutoa wati 75, jumla 150. Kwa njia yako kila chaneli huona omu 4 zilezile, na jumla ni ileile. Tofauti ni kwamba njia yako inadai sauti inayoingia chaneli zote mbili iwe moja, na ukigeuza chanya na hasi kwenye koili moja tu, zitasukumana kinyume na besi itapotea. Ndiyo maana napendelea mfululizo: hasi ya koili ya kwanza iungwe na chanya ya pili, kisha nyaya mbili zilizobaki ziende kwenye amplifaya.

Mwanachama wa Kisauni
Ipo njia ya tatu, kubadilisha wofa uchukue yenye koili za omu 2, ambazo kwa mfululizo hutoa omu 4. Nguvu itakaribia maradufu, lakini maradufu ya wati ni desibeli 3 tu, yaani sauti huongezeka kidogo, na kwa maoni yangu haistahili gharama hiyo. Kabla ya kufunga, pima kwa mita, na usishtuke koili ya omu 4 ikisoma kama 3.5, kwani mita hupima ukinzani wa waya peke yake.

Mkaazi wa Bamburi
Shukran sana. Nimepima jioni hii: kila koili 3.4, na kwa mfululizo 6.8. Jumamosi naifunga hivyo, na amplifaya naitoa chini ya kiti.