MREJESHO: kontakta ya pampu iliyokuwa inaunguruma

Wakuu habari za jioni, ni yule wa juzi wa Moshi niliyeuliza mbona nikiwasha pampu ya maji kontakta (ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye pampu) inaunguruma ngrrr alafu pampu haiwaki.

Mmoja wenu alisema nisikimbilie kununua koili (ule waya uliozungushwa ndani ya kontakta unaotengeneza sumaku), nizime meni swichi nifungue kwanza, na kweli bana. Koili nimeipima na mita iko poa. Sasa katikati ya vile vyuma viwili vya sumaku nimekuta sisimizi wamekufa wamegandamana kama uji mkavu, yani umeme ukiingia kwenye koili chuma cha chini kinakuwa sumaku kinavuta cha juu ili pointi zinazopitisha umeme wa pampu zigusane, kinafika njiani kinagota hakifungi, na umeme wetu ni AC, yani unageuka kwenda na kurudi mizunguko 50 kwa sekunde, so kukiwa na huo uwazi kidogo tu chuma kinatetemeka, ndo ule muungurumo. Na ikikaa hivyo koili inavuta umeme mwingi inachemka, ningechelewa ingeungua.

Fundi wa kwanza alitaka nibadilishe mota nzima, imeniuma sana.

Nimesafisha na mswaki mkavu, pointi zilizochimbika kwa cheche nimeweka mpya. Sahivi inagonga ta! mara moja, kimya, maji yanapanda mpaka kwenye simtanki. Asanteni sana wakuu.