Mjadala: Maskini anapiga kura kwa tumbo au kwa heshima yake?

Wakuu, kuna kauli imezoeleka kila uchaguzi ukiisha: maskini wa Tanzania anajiponza mwenyewe, anapewa kanga, fulana na kofia, anawarudisha walewale, halafu miaka mitano analalamika. Mimi siikubali hata kidogo. Mtu anayedharauliwa kila siku anaweza kumfuata hadi kaburini yule aliyemwondolea dharau, hata kama mfukoni hakuongezewa kitu.

Tuwachukue Rais Magufuli na wamachinga, wale wafanyabiashara wadogo wa barabarani.

Anayeijua Kariakoo ya miaka ya nyuma anakumbuka jinsi bidhaa zilivyopangwa: chini, juu ya turubai au kitambaa, ili ikisikika "mgambo!", yaani askari wa jiji wanakuja, muuzaji akunje pembe nne, atupie begani, atimue mbio. Aliyechelewa alipakiwa garini pamoja na mzigo wake. Mzigo ukipotea ni hasara, tena kubwa kwa mtu anayezungusha mtaji wa mkopo. Lakini baba mzima anakimbizwa kama kibaka mbele ya wateja wake, pengine mbele ya mwanawe, na hiyo nayo tuiweke kwenye hesabu gani?

Desemba 2018 Magufuli akawakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo. Bei yake ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Aliyekuwa nacho hakutakiwa kutozwa ushuru mwingine wala kubughudhiwa. Toleo lile la kwanza halikuwa hata na jina wala picha ya mwenyewe, na wataalamu wa kodi walikuwa na kila sababu ya kuhoji. Ila muuzaji aliyekivaa shingoni aliweza kusimama palepale mgambo akipita, akaendelea kumhesabia mteja chenji.

Najua kuna atakayesema: hayo ni maslahi tu, ameepuka ushuru wa kila siku. Ni kweli, pesa ilikuwamo. Lakini viongozi wangapi wamewaahidi maskini mikopo na ruzuku wasipate mapenzi yale? Magufuli aliwaambia watu kwamba utotoni alichunga ng'ombe, akauza maziwa na samaki. Desemba 9, 2015 alifuta sherehe za Uhuru, akaenda kuzoa taka Feri, Dar es Salaam, kwa mikono yake. Wanaofagia barabara za jiji hili alfajiri, ambao tunawapita bila hata salamu, waliona kazi yao inafanywa na rais mbele ya kamera. Unaweza kusema ni maonyesho, lakini watu walikuwa wanayasubiri kwa miaka.

Sasa upande unaoniumiza. Heshima ile ilienda sambamba na kumwaibisha mtu mwingine. Kutumbua majipu, yaani kuwafukuza watendaji wabovu, kulifanyika hadharani, mkurugenzi anasimamishwa mbele ya umati na umati unashangilia. Naelewa kwa nini. Mtu aliyeambiwa "njoo kesho" dirishani mwaka mzima anapomwona bosi wa dirisha lile akitetemeka, roho inatulia. Lakini shangwe zile zilitufumba macho. Uhakiki wa vyeti vya elimu wa 2017 uliondoa watumishi wa umma zaidi ya 9,000, na katika zoezi lilelile wakaguswa madereva na walinzi walioajiriwa kihalali kwa elimu ya darasa la saba, hadi serikali ilipoagiza 2018 warudishwe. Watu wa chini walishangilia panga, panga likawafikia ndugu zao. Hapa wakosoaji wana hoja, nami nasimama nao.

Wengine watasema ilikuwa hofu, si mapenzi. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa 2016 na ikaja kuruhusiwa Januari 2023, kwa hiyo mimi siitumii asilimia 84 ya kura alizopata 2020 kama ushahidi wa chochote. Naitumia Machi 2021, alipofariki. Akina mama walitandika kanga zao barabarani jeneza lipite juu yake. Marehemu hagawi fulana. Watu 45 walifariki katika msongamano wa kuaga Uwanja wa Uhuru. Anayesema wale wote walinunuliwa, aseme walinunuliwa na nani, na kwa shilingi ngapi.

Miezi saba tu baadaye, Oktoba 2021, vibanda vya wamachinga viliondolewa barabarani Dar es Salaam, na kile kitambulisho hakikumsaidia mtu. Huu ndio ugomvi wangu na wapenzi wa Magufuli. Heshima ile aliishika mtu mmoja mkononi. Haikuwekwa kwenye sheria wala kwenye sheria ndogo za halmashauri, ambako mgambo anapata nguvu zake. Alipoondoka, ikaondoka.

Na ugomvi wangu na wapinzani ni mkubwa vilevile. Miaka yote hii nimesikia maskini akiitwa mjinga, hajielewi, ameuza utu wake kwa kilo ya sukari. Mama lishe anayeamka saa tisa usiku kuwasha mkaa anajua anajielewa. Ukimtukana asubuhi, jioni atampigia kura yule ambaye angalau hamtukani, na mimi simlaumu. Chama kinachotaka kura yake kianze kwa kumwomba radhi, kisha kimweleze kitaandika nini kwenye sheria ili asikimbizwe tena na yeyote atakayeingia Ikulu.

Anayepinga namkaribisha, kwa hoja. Ila anijibu hili kwanza: kama ni tumbo tu, kwa nini wale walioondolewa vibanda wakapoteza mitaji yao hawakuhamia upinzani kwa wingi, na badala yake wakaendelea kubandika picha ya Magufuli kwenye bodaboda na mikokoteni yao?