Mrejesho: filamu isiyo na sauti na santuri iliyopelekwa angani

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba mnipendekezee filamu ya kale isiyo na sauti, muziki wa kusikiliza usiku, na jambo lolote la ajabu lipatikanalo kwenye intaneti. Leo nimerudi na mrejesho.

Nilitazama Sherlock Jr. ya mchekeshaji wa Marekani Buster Keaton, ya mwaka 1924, ambayo haifiki hata saa moja. Pale mwonyesha filamu anaposinzia na, katika ndoto, kuingia ndani ya picha huku mandhari yakibadilika ghafla kumzunguka, niliirudia mara tatu, kwani hila hiyo ilifanywa bila kompyuta.

Lakini kilichonigusa zaidi ni santuri zilizofungwa kwenye vyombo viwili vya angani vya Marekani viitwavyo Voyager mwaka 1977, zenye salamu katika lugha 55, picha zaidi ya 100 na takriban dakika 90 za muziki. Humo ndimo nilimokutana na mwanamuziki wa Marekani Blind Willie Johnson, aliyerekodi mwaka 1927 wimbo usio na maneno, ambamo anaguna taratibu sambamba na gitaa lake. Tangu hapo ndio ninaousikiliza kila usiku. Aliyeupendekeza, asante sana.