Mliofufua pikipiki kuukuu kwa mikono yenu, tupeane uzoefu

Mzee wa Spana: Wakuu habari za jumapili. Kuna mtu kapita hapa na Honda CG125 ya zamani, ule mlio wake uliotulia, nikaacha chai nikaenda uani kuitazama yangu. Hizi bodaboda za Kichina nyingi zimekopi injini hiyo hiyo ya 1976, valvu zinasukumwa na fito, hakuna cheni ya taiming ya kukupa presha. Yangu niliifungua mpaka nati ya mwisho nikaifunga mwenyewe, na nikimwaga oili lazima nipime tapeti, ule upenyo wa valvu, kwa fila geji, milimita 0.08 injini ikiwa ya baridi. Mama watoto anasema si ningenunua mpya tu. Nani mwingine ana huu ugonjwa?

Kiki Moja: Nipo mkuu, na sitaki dawa.

Mtoto wa Mufindi: Umenigusa. Marehemu mzee alikuwa bwana shamba, akaacha Yamaha DT 125 kwenye banda, miaka imepita kuku wanatagia kwenye siti. Pistoni imeganda ndani ya silinda, nikamimina dizeli kwenye tundu la plagi, kila asubuhi nagusa kiki, jiwe. Fundi akaja na nyundo yake akavunja pezi la silinda, lile pezi lilivyolia kwenye sakafu nilimwambia kaka kusanya vyombo vyako nenda, hela ya nauli hii hapa. Nikaipeleka Dar, Gerezani, wakachonga bloku, nikaweka pistoni oversaizi 50, yaani nene zaidi kwa nusu milimita. Sasa sikilizeni, ringi ya tustroki, hizi injini zinazounguza oili pamoja na petroli, ina kijipini kwenye mfereji wa pistoni, mdomo wa ringi lazima ukae hapo hapo kwenye pini, ukilazimisha umevunja ringi mpya. Nikazibana kwa vidole gumba viwili, silinda ikashuka yenyewe bila nguvu, wallahi ile raha siwezi kuielezea. Siku imewaka moshi ulijaa uani kote, bi mkubwa akatoka jikoni na mwiko mkononi akasema "baba yako karudi kazini".

Kiki Moja: Hapo kwa bi mkubwa umenimaliza.

Gia Tano: Nyie zenu ziliwaka vizuri. Shemeji yangu alifunga pletini, zile za kupangia muda wa cheche, kwa kukadiria na jicho, akapiga kiki, ikamrushia mguu ila ikawaka, akapanda kwa mbwembwe akatia gia ya kwanza, akaachia klachi, pikipiki IKARUDI NYUMA mpaka kwenye meza ya mama ntilie, sufuria la maharage lote chini 😂

Bush Beringi: Chai hiyo, umetunga.

Kiki Moja: Tena ya maziwa.

Fundi Leti: Sio chai. Tustroki haina valvu kama CG, pistoni ndo inafungua na kuziba matundu, izunguke kulia au kushoto kwake sawa. Taiming ikikaa vibaya kiki inarudisha, injini inawaka kinyume. Ikitokea zima, usiongeze moto.

Mzee wa Spana: Maharage alilipa nani?

Gia Tano: Dada yangu. Shemeji mpaka leo anasema giaboksi ilikuwa mbovu.

Muunguja: Tustroki mie nnayo Vespa PX, nachanganya oili asilimia 2, haijanitia aibu.

Bush Beringi: 2 ni ndogo, weka 5, pistoni itashika hiyo.

Muunguja: 5 ya enzi za babu yako, plagi itajaa masizi. Vespa huna, shauri unalo.

Mtoto wa Mufindi: DT ina pampu yake ya oili, huchanganyi chochote.

Bush Beringi: Pampu ikifa utaijulia wapi? Ngoja injini ishike ndo utanikumbuka. Kata hiyo pampu uchanganye mwenyewe.

Fundi Leti: Asikate mtu pampu inayofanya kazi jamani.

Msee wa Nakuru: Mabosi, mimi niko na Suzuki TF125, tangi imejaa kutu ndani. Mnasafisha aje?

Kiki Moja: Coca-Cola, ilaze humo usiku kucha.

Muunguja: Soda kunywa wewe. Tia siki na kokoto ndogo, utikise.

Gia Tano: Kokoto za nini, tumbukiza cheni kuukuu, tikisa mpaka mikono ife.

Fundi Leti: Yoyote sawa, ila suuza na ukaushe hapo hapo, ukilaza na maji kutu inarudi. Na chujio la petroli lisikosekane kabla ya kabureta.

Msee wa Nakuru: Asanteni. Sasa hii cheni imekataa kutoka.