Mvinyo wa kunywa nyumbani kila siku: boxi la lita 5 au chupa? Wa Dodoma au wa Afrika Kusini?

Kibarua wa Tegeta
Wakuu habari za jioni. Mimi na mama watoto tumeamua kupunguza bia. Tunataka mvinyo uwepo ndani, glasi moja moja na chakula cha usiku, siyo ule wa kusubiri Krismasi. Duka la hapa mtaani wana boxi la lita 5 la Afrika Kusini, 65,000. Chupa zinaanzia 14,000. Jamaa mmoja ofisini anasema niachane na vyote hivyo ninunue wa Dodoma. Mshahara unaingia Ijumaa. Upi mzuri?

Bibo Chungu
Mzuri kwa nani? Mwekundu au mweupe? Wa sukari au drai? Mnakunywa wangapi? Friji unayo? Usiku mnakula nini? Umetuletea bei tupu kama dalali wa viwanja.

Ngoja Nione
Nimeweka kiti hapa, wajuzi waje.

Mhasibu Mstaafu
Wakati tunamsubiri mleta mada, tupige hesabu. Lita 5 ni chupa sita na theluthi mbili. 65,000 ukigawa, kila chupa inakuangukia kama 9,750. Kwa glasi ya mililita 150 unapata glasi 33, yaani chini ya 2,000 kwa glasi. Chupa ya 14,000 inatoa glasi tano tu, 2,800 kila moja.
Halafu ndani ya boxi kuna mfuko unaonywea kadiri unavyomimina, hewa haipiti, kwa hiyo likishafunguliwa linakaa wiki nne hadi sita. Chupa ukiifungua una siku tatu, nne, hata ukiiweka kwenye friji. Cha kuangalia ni tarehe ya kujazwa. Boxi si kitu cha kutunza miaka. Likizidi mwaka mimi silinunui.

Bibo Chungu
Mzee, hesabu safi ila umesahau kibomba cha boxi. Chupa ukiimaliza unaiona imeisha, unaona haya. Boxi unapita jikoni kuchukua chumvi, unaminya kidogo. Kwangu hizo wiki sita hazijawahi kufika mbili.

Mtani wa Hombolo
Nalima zabibu, kwa hiyo mjue mapema naegemea wapi. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Mavuno ya kwanza yanakutana na mvua: tunda linajaa maji, sukari inashuka, na ukungu nao unakuja kudai chake. Ya kiangazi ndiyo zabibu yenyewe.
Nyekundu maarufu ni Makutupora, imebeba jina la kituo cha utafiti kilichopo hapa Dodoma. Kwenye nyeupe kuna Chenin Blanc, ambayo Afrika Kusini wenyewe wamezoea kuiita Steen. Kwa hiyo huyo jamaa wa ofisini na muuza duka wako wanaweza kuwa wanabishania zabibu ileile.
Kama hamjazoea, anzeni na Dompo, ni nyekundu na ina utamu. Mkishazoea, tafuteni nyekundu drai ya Dodoma mle nayo nyama choma.

Mzalendo Damu
Nakazia. Kila chupa ya nje ni hela ya mkulima wetu inayopanda meli.

Kaka wa Ngong Road
Ulimi haujui uzalendo, ndugu. Huku Nairobi nina Leleshwa, inatoka kwa zabibu za upande wa Naivasha, naipenda. Lakini Jumanne jioni nikitoka kazini nafungua Drostdy-Hof ya boxi kutoka Afrika Kusini, ile nyeupe, baridi kabisa, na sijawahi kuhisi nimesaliti nchi.

Mama Zabibu
Four Cousins nyekundu ya sukari, mjadala umefungwa. Weka barafu, weka na Sprite kidogo.

Bibo Chungu
Sprite kwenye kitu ambacho tayari ni sukari! Dada, kwa nini usinywe Sprite peke yake?

Mama Zabibu
Kwa sababu nimenunua kwa hela yangu.

Mhasibu Mstaafu
Kwenye barafu namuunga mkono nusu. Watu wamekariri kwamba mwekundu haugusi friji. Hiyo ni ya nchi ambazo sebule ina nyuzi 17. Sebule ya Dar Februari ina 30. Mvinyo mwekundu kwenye joto hilo unapiga puani kama spiriti, ladha nyingine huipati. Weka kwenye friji nusu saa, toa, kunywa. Barafu ya nini tena, itakuongezea maji tu.

Abiria wa Siti ya Nyuma
Mimi nichangie upande wa kutokununua. Mwaka fulani, kabla hatujapata treni ya SGR, nilikwenda Dodoma kwenye semina. Siku ya kuondoka mwenyeji wangu akanipeleka nyumba moja wanatengeneza wenyewe. Mama wa pale akanionjesha kwenye kikombe cha bati: tamu, ina mchomo kidogo ulimini, nikasema huu ndio mvinyo, zile za dukani ni maji ya kuoshea. Nikachukua dumu la lita 5. Mama akaniambia, "Mwanangu, usikaze sana mfuniko." Mimi nikaona mvinyo utamwagikia begi langu bure, nikaukaza kwa nguvu zote, juu yake nikafunga na nailoni.
Dumu nikaliweka kwenye keria ya juu. Kibaigwa shwari. Gairo nikasikia kama mtu anagonga, kumbe ni plastiki inajitanua. Kijana wa mbele akaangalia juu, akasema, "Kaka, mzigo wako una mimba." Basi zima likacheka, na mimi nikacheka. Tulipokuwa tunakaribia Dumila, jua la saa nane, dumu likazaa. Mfuniko uligonga dari. Mvinyo ukashuka kama bomba limepasuka, na chini yake alikaa mama mmoja amevaa gauni jeupe la kwenda ubarikio wa mjukuu wake Morogoro.
Sitaki kueleza maneno niliyoambiwa kutoka Dumila mpaka Msamvu. Nililipa gauni na faini ya kondakta ya kuosha viti. Nilifika Dar na lita moja, nayo baada ya siku mbili ilikuwa siki.

Mtani wa Hombolo
Pole, ila mama alikuambia! Ule ulikuwa haujamaliza kuchacha. Chachu inakula sukari, inatoa gesi, ukiifungia njia inatafuta njia yake. Kuulizia kuna faida: ulivunwa lini, umetulia wiki ngapi? Ukisikia mchomo ulimini kama soda, bado.

Ngoja Nione
"Mzigo wako una mimba" 😂😂 nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Shemeji wa Makorora
Samahanini, mbona wote mnasema mvinyo? Kanisani tunasema divai. Na marehemu babu yangu hapa Tanga akisema mvinyo alimaanisha pombe kali, za kuwasha koo.

Mhasibu Mstaafu
Mvinyo tumeupata kwa Wareno, vinho. Divai imekuja kwa njia ya Wafaransa, du vin. Babu hakukosea, watu wa zamani walitumia mvinyo hata kwa vikali. Harusi ya Kana ilipungukiwa divai, lakini Timotheo akashauriwa mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Biblia ileile.

Mzalendo Damu
Na mwekundu unaongeza damu. Wajawazito wa zamani walipewa.

Dada wa Wodi
Hapana, hapana, hapana. Hauongezi damu, ni rangi tu inayowadanganya. Damu tafuteni kwenye maini, dagaa, maharage, mchicha. Na mjamzito asiguse kabisa. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara. Anayekunywa anywe kwa sababu anapenda, asitafute kisingizio cha daktari. Mimi mwenyewe napenda mweupe drai na pweza wa nazi, na sijidanganyi kwamba ni dawa.

Kibarua wa Tegeta
Samahani wakuu, umeme ulikatika. Majibu: tuko wawili. Mke anapenda ya utamu, mimi nimeonja drai mara moja kwenye harusi, ilinikausha mdomo kama nimetafuna ndizi mbichi lakini nilirudia. Chakula ni wali samaki, ugali na mboga. Friji ipo. Ila sikusema kitu kimoja: mama mkwe anaishi nasi tangu Novemba, na ni Msabato wa kweli kweli.

Bibo Chungu
Sasa hilo si ndilo ungeanza nalo!!! Unataka kuweka boxi la lita 5 lenye picha ya zabibu kwenye friji ya mama mkwe Msabato?

Kaka wa Ngong Road
Mwambie ni juisi.

Dada wa Wodi
Halafu amimine glasi nzima asubuhi ya Sabato. Hapana, msimfanyie hivyo mzazi. Muulizeni, au nunueni chupa ikae chumbani kwenu.

Mhasibu Mstaafu
Huo ukavu wa ndizi mbichi ni ukakasi wa maganda ya zabibu, mwekundu ndio wenye nao zaidi. Kwa wali samaki nyie nunueni Chenin Blanc. Ina ugwadu wa kukata mafuta na wala haikaushi mdomo. Nunua chupa mbili, ya Dodoma na ya Afrika Kusini, funikeni majina kwa gazeti, mkeo achague. Jumla haifiki 35,000. Boxi lije baadaye.

Mama Zabibu
Mkeo kashasema anapenda utamu. Four Cousins.

Mtani wa Hombolo
Na usome maandishi ya nyuma. Ukiona kimeandikwa kinywaji chenye ladha ya zabibu, hapo hamna zabibu za mtu.

Shemeji wa Makorora
Abiria, yule mama wa gauni jeupe aliwahi kwenye ubarikio?

Abiria wa Siti ya Nyuma
Aliwahi. Alivaa fulana yangu ya semina na kitenge cha kuazima.

Kibarua wa Tegeta
Wakuu, leo Ijumaa, nipo dukani. Chenin ya Dodoma imeisha. Boxi limebaki moja, muuzaji kashusha mpaka 50,000, lakini tarehe ya kujazwa naona kama ni ya mwaka juzi, imefutika kidogo. Nichukue?

Mhasibu Mstaafu
Weka picha.