Dan Wesson 1911 kwa laki tatu na nusu: nichukue au niachane nayo?

MtuWaNgongRoad
Wadau, hamjambo. Nimekuja kwenu kwa sababu usingizi umenipaa. Nina cheti cha silaha, ninamiliki bastola moja ya Ceska, na wikendi nikipata nafasi hufika Kirigiti kulenga shabaha. Sasa nimeonyeshwa bastola ya Dan Wesson, muundo wa 1911 (ule wa zamani wa Kimarekani ambao viwanda vingi huuiga), ya risasi za .45. Kila ninayemtajia jina anadhani nimekosea kutamka Smith & Wesson. Lakini hii kitu nimeishika. Ukivuta slaidi inarudi nyuma bila kukwama popote, na ukiitikisa karibu na sikio husikii hata mlio. Nyuma ya mshiko chuma kimechongwa vinundu vidogo vya mraba, vimepangika sawasawa, na vinauma kiganja ukikaza mkono. Naambiwa ni zile ambazo kiwanda kinatoa mwili, halafu fundi anakaa nayo na tupa mpaka kila kipuri kikubali mwenzake.

Bei ni laki tatu na nusu. Je, ubora wake unalingana na hiyo pesa? Na nikitaka kuiuza kesho, nani Nairobi hii atanunua jina asilolijua? Mwenye mali anataka jibu kabla ya Jumapili.

Ploti_Kamulu
Boss, laki tatu na nusu unaweka ploti pale Kamulu na kubaki na deni dogo tu. Chuma hakizai. Una bastola moja tayari, na kichwa ni kimoja. Ya pili ni ya nani?

FundiWaLathi
Mimi sina bastola na sitaki, ila nimekereza chuma Kariobangi Light Industries miaka mingi. Hiyo hali ya kutosikia mlio isikudanganye. Kubana na kukaa vizuri ni vitu viwili. Kuna mteja aliniletea pistoni akitaka ibane kabisa, nikamfanyia alivyotaka, pikipiki ikashika Thika Road kabla hajafika Ruiru. Kifaa kinachosogea kinahitaji nafasi yake, na kazi ya fundi ni kujua ni nafasi kiasi gani. Uliza ni nani aliyekaa na hiyo tupa, si jina lililoandikwa ubavuni.

Mlengaji_Kiambu
Fundi amesema kweli tupu. Wengi wakisikia "imefanyiwa kazi kwa mkono" wanafikiri ni kubana tu. Kiwanda cha Les Baer, kwa mfano, hubana bastola zake hivi kwamba wao wenyewe humwambia mnunuzi apige risasi 500 kwanza ndipo ilainike. Wengine huacha nafasi kidogo na bado inalenga vizuri.

Sasa kuhusu jina. Dan Wesson ilianzishwa 1968 na kitukuu wa yule Wesson wa Smith & Wesson, kwa hiyo wanaochanganya majina hawajakosea sana. Ilijulikana kwa rivolva ambazo unaweza kubadilisha mtutu. 1911 zilikuja baadaye sana. Halafu 2005 ikanunuliwa na tawi la Marekani la CZ, yaani Česká zbrojovka. Ndiyo, hao hao wa Ceska uliyo nayo kiunoni. Na 2021 CZ wakanunua Colt pia. Mtu akikuambia Dan Wesson ni jina la uchochoroni, mwambie kaka yake mkubwa anajulikana na kila polisi wa Kenya.

Kwa ubora, Dan Wesson iko katikati: juu ya zile za kiwandani moja kwa moja, chini ya Wilson Combat na Nighthawk ambazo ni ghali zaidi. Vipuri vyake vingi vidogo vimekatwa kutoka chuma kizima. Viwanda vya bei nafuu hutumia vipuri vya unga wa chuma uliobanwa kwenye kalibu kisha ukachomwa tanurini. Hivyo navyo hufanya kazi, lakini kwenye kichomozi cha maganda na kwenye kitasa cha usalama mimi nataka chuma kizima.

Ukiikagua: hakikisha haina risasi, kisha slaidi ikiwa imefungwa bonyeza mtutu kwa kidole pale juu kwenye tundu la maganda. Usishuke. Shika bushi ya mbele, ile pete inayoshika mdomo wa mtutu, isicheze. Jaribu usalama wa mshikoni: usipoufinya, kifyatulio kisitembee kabisa. Angalia springi ya kurudisha slaidi, maana ya zamani huwa imechoka, na ya .45 ya kawaida ni pauni 16.

Mauzo ndiyo kasoro. Nairobi watu wananunua Glock na Ceska kwa sababu risasi za 9mm zipo na mafundi wanazijua. Za .45 utazisaka.

Sasa wewe nijibu. Anayeuza ni nani? Ni duka lenye leseni? Umeandika mengi lakini hapo umeruka.

MamaTwins_Umoja
Mimi nataka kujua kama una sefu. Mume wangu alikuwa nayo moja, alikuwa anaiweka juu ya kabati ndani ya kopo la maziwa ya unga. Siku moja nikamkuta mtoto amesimama juu ya stuli, mkono umeshafika kwenye kifuniko. Mpaka leo nikiona kopo la aina hiyo dukani miguu inaisha nguvu. Tulinunua sefu siku hiyo hiyo na nikaikaza ukutani mwenyewe. Hizi habari za vinundu vya mshiko mtaongea baadaye.

MtuWaNgongRoad
Asante Mlengaji, mafunzo hayo nimeyaandika. Mama, sefu ninayo, imefungwa ukutani kwa bolti. Muuzaji ni mtu wa karibu, tunafahamiana. Hilo halina shida. Turudi kwenye bei.

Mlengaji_Kiambu
Lina shida. Cheti cha hiyo bastola kina jina la nani?

Ploti_Kamulu
Amenyamaza.

MtuWaNgongRoad
Sijanyamaza, nilikuwa kazini. Cheti ni cha mzee mmoja tuliyekuwa tunalenga naye. Alifariki. Bastola imebaki nyumbani kwake Buruburu, kwenye kabati lenye kufuli, na mjane ndiye anayeuza. Na kabla hamjanirukia: ndiyo, nimeshampa laki moja. Mtoto wa mwisho alikuwa amerudishwa kwa sababu ya karo, na mama wa watu alikuwa analia mbele yangu. Mzee alinifundisha kushika bastola vizuri, ningemwacha mkewe vipi? Sijaibeba. Niliishika tu hapo mezani. Nimepanga tukimalizana bei, nitakwenda kwa Bodi ya Leseni za Silaha kubadilisha jina.

Mlengaji_Kiambu
Ndugu yangu, pole kwa msiba, na moyo wako ni mzuri. Lakini mpango wako umepinduka. Cheti cha silaha ni cha mtu mmoja, kimeandikwa bastola na namba yake. Mzee alipoondoka, kile cheti hakikurithiwa na mtu. Kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mama hana ruhusa ya kukaa nayo, na wewe ukitoka nayo pale mlangoni, Ceska yako na cheti chako havitakusaidia. Hukumbuki mwisho wa 2018, serikali ilipoamuru kila mwenye silaha ahakikiwe upya? Watu waliokuwa na karatasi zao zote walihangaika. Je, ya marehemu?

Msiibebe. Mama apige simu kituo cha polisi cha karibu, aeleze, maafisa waje waichukue wenyewe, namba yake iandikwe kwenye kitabu cha matukio na apewe hati ya kupokea. Mambo ya mirathi aulizwe wakili. Wewe uombe Bodi ya Leseni za Silaha idhini ya silaha ya pili KWANZA, na mauziano yapitie kwa muuzaji mwenye leseni.

MamaTwins_Umoja
Na wewe kijana, ile laki moja usiidai. Hata bastola isipopatikana.

MtuWaNgongRoad
Mama, sijasema nitaidai. Lakini Mlengaji, ikienda polisi inaweza kukaa huko miaka. Ile slaidi itaota kutu. Mzee alikuwa anaipaka mafuta kila wiki.

Kachero_Mstaafu
Samahani jameni, nimesoma uzi huu mara mbili na siuamini. Kwanza, ni mgeni, hana ujumbe mwingine hapa. Pili, kila tukimuuliza kitu anarudi kwenye bei. Mimi naona huyu ndiye muuzaji mwenyewe, anatupimia soko na kutafuta mteja kwa ujanja wa mjane na karo. Haya, tupime: mzee aliinunua mwaka gani?

MtuWaNgongRoad
Kwa maelezo ya mama, 1998.

Kachero_Mstaafu
Nimekushika. Mlengaji amesema 1911 zilikuja baadaye. Dan Wesson walianza kuziuza karibu mwaka 2000. Mzee alinunua bastola ambayo haijazaliwa? Msimamizi, funga uzi.

Ploti_Kamulu
Hapo sasa! Nilijua kuna kitu. Ile pesa ingekuwa ploti.

MtuWaNgongRoad
Nimempigia mama sasa hivi. 1998 ni mwaka ulioandikwa kwenye cheti cha kwanza cha mzee, na kile kilikuwa cha rivolva aliyoirudisha baadaye. Karatasi zote ziko kwenye bahasha moja, akasoma ya juu. Hii 1911 hajui mwaka. Ninachokumbuka mimi ni kwamba kwenye fremu pameandikwa Norwich, NY. Siuzi kitu. Kama mnadhani nauza, basi mseme bei ni ndogo mnunue nyinyi.

Mlengaji_Kiambu
Kachero, swali lako lilikuwa zuri, lakini mimi namwamini. Norwich ndiko kiwanda kilikohamia kutoka Massachusetts, na anayebuni hadithi ili auze angeandika Colt. Hakuna anayetafuta mteja Nairobi kwa jina la Norwich.

Kachero_Mstaafu
Sawa, nimeondoa neno la kufunga uzi. Lakini asiweke namba ya simu hapa, na mtu asimwandikie pembeni.

FundiWaLathi
Na kuhusu kutu: chuma kilichopakwa mafuta vizuri na kufungwa kwenye kitambaa kikavu hakiozi haraka hivyo. Mwombe afisa amruhusu mama aipanguse mbele yake kabla haijachukuliwa. Nyama ya chuma ikiwa nzuri, kutu ya juu hutoka kwa mafuta na sufi laini bila kugusa vipimo.

MtuWaNgongRoad
Nimezungumza na mama tena. Kijana wake mkubwa anatoka Nakuru Jumapili, Jumatatu wataita kituo. Mimi nitakuwepo lakini sitaigusa. Mlengaji, sasa bila kunizungusha: ikipita kote huko salama, laki tatu na nusu ni haki?

Mlengaji_Kiambu
Kama mtutu haushuki, bushi haichezi na ina magazini zake za asili, mimi ningesema laki mbili na nusu. Ukitaka kumsaidia mama, mpe hiyo laki ya juu kama karo, lakini usiseme ni bei ya bastola. Na ukifika nayo Kirigiti, kwenye mashindano ya IDPA (ya kulenga kwa bastola za kujilinda) hiyo inaingia daraja la CDP, lile la bastola za .45, magazini risasi 8. Njoo na springi mpya.