Naomba ushauri: kupasha maji ya nyumbani kwa propani

Ndugu wadau, naomba ushauri kuhusu kuacha hita ya umeme na kuanza kupasha maji ya kuoga kwa gesi ya propani. Kilo 1 hutoa takriban kilowati-saa 13 za joto, ilhali kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 huhitaji karibu 5, hivyo hesabu inanivutia. Wasiwasi wangu mkubwa, hasa kwa ajili ya watoto, ni kwamba propani ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini, na isipoungua vizuri huzalisha kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Je, hita ya gesi isiyo na tangi (inayopasha maji yanapopita) ni lazima ifungwe nje, au bomba la kutolea moshi linatosha? Na presha ndogo ya maji huizuia kuwaka?